Galeri mpya ku Katuba: nani ataingia, nani atabaki inje?

Maneno yaliyosemwa mbele ya vijana wa komini ya Katuba, Lubumbashi



Tumekutana juu ya kitu kimoja: ile galeri ya biashara wanayosema itajengwa hapa kwetu. Ahadi mumezisikia. Butiki za kioo, alimentasio kubwa yenye frigo, duka la dawa, gishe ya benki, parkingi, taa usiku kucha. Wengine wamekwisha kupiga picha ya bango na kuituma mu WhatsApp na maneno "Katuba inakuwa Dubai". Wengine wanasema "banakuya kutufukuza". Sisi tunasema: tusipige makofi na tusitupe mawe mbele ya kuuliza. Jengo lenyewe halina moyo mubaya wala moyo muzuri. Ulizo ni moja: siku ya kufungua, nani ataingia ndani na biashara yake, na nani atabaki inje ku vumbi?

Tuanze na ukweli: tunalihitaji

Sitaki kusikia mtu akisema kwamba watu wa komini zetu hawahitaji duka zuri. Leo ukitaka dawa unayoweza kuamini, kitabu cha mtoto, chaja isiyoungua siku ya pili, unapanda taksibisi mpaka mujini. Kwenda unalipa, kurudi unalipa. Bei ya kile kitu inapanda mbele hujakishika. Maskini wa Katuba na wa Ruashi ananunua kwa bei ya juu kuliko mutu anayekaa mujini, juu anaongeza transpoti na saa zake.

Na masoko yetu tunayajua. Mvua ikinyesha, mama anauza miguu ndani ya maji. Choo ni kimoja au hakuna. Samaki bila barafu, kufika saa kumi za jioni lazima aitoe kwa bei ya hasara au aitupe. Nyaya za umeme zimefungana juu ya vibanda vya mbao kama nyuzi za mtego, na moto ukianza, gari la kuzima moto halina njia ya kupita. Mutu akisema "tuache soko kama lilivyo, njo utamaduni wetu," mumuambie akae pale siku moja ya mwezi wa kwanza, kuanzia asubuhi mpaka jioni.

Kwa hiyo hatupingi jengo. Tunapinga kitu kingine, na ili mukielewe lazima turudi nyuma kidogo.

Mji uliokatwa mbili

Lubumbashi ilizaliwa mwaka 1910, na ilizaliwa imekatwa mbili. Upande mmoja mji wa wazungu: barabara pana, posta, hoteli, maduka. Upande mwingine mitaa ya weusi. Katikati Wabelji waliacha eneo tupu, mamia ya metre bila nyumba, ili watu wasichanganyike. Biashara ya vitu vya inje ilikuwa mikononi mwa Wagiriki, Wareno, Wayahudi waliotoka kisiwa cha Rhodes. Mfanyakazi wa Union Minière, yeye alipewa poso: kampuni inampimia bunga, inampimia chakula, basi. Hakuhitaji kuchagua. Duka zuri lilikuwa ng'ambo ya lile eneo tupu.

Ukatokea uhuru, lakini maduka hayakuja kwetu. Tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu alitangaza zairianizasio: maduka, depo na mashamba ya wageni yapewe wana inchi. Ku karatasi ilikuwa haki. Lakini yalipewa nani? Wengi waliopata ni watu waliokuwa karibu na wakubwa, bila kuuliza nani anajua kuagiza bidhaa, nani anajua kushika hesabu. Waliuza kilichokuwa ndani, hawakurudisha kingine, rafu zikabaki wazi. Wale ba mama na ba baba waliokuwa wanajua biashara kweli, walioanza na mufuko mmoja wa chumvi, hakuna aliyeita majina yao.

Halafu Gécamines ikaanguka. Mishahara ya miezi mingi haikulipwa, poso ikakatika. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondolewa kwa mpango ule walioita wa kuondoka kwa hiari. Nani alilisha mji huu wakati ule? Mwanamke aliyetoa meza ya nyumbani, akaiweka mbele ya lango, akapanga juu yake mafungu ya nyanya, chumvi, sabuni iliyokatwa vipande. Leo wanaziita meza hizo "soko pirate". Lakini kama si zile meza, wengi wetu tungekuwa hatuko hapa.

Mimi ninayesimama mbele yenu niko na lisansi ya ekonomia. Miaka miwili sasa ninatembea na faili mukononi, na kazi haijapatikana. Lakini nilisoma, na kila minervali ilitoka ku meza ya bunga. Kwa hiyo mutu akiniambia ile meza "inachafua mji", ninajua anazungumzia nini, na ninajua hajui anazungumzia nini.

Hesabu ya mama, hesabu ya galeri

Chukueni biki, tufanye hesabu. Huu ni mfano tu, si bei ya mutu fulani.

Tuseme butiki moja ndani ya galeri ni dola 100 kwa mwezi. Mwenye jengo anaomba garanti ya miezi 6. Na garanti na mwezi wa kwanza, inakuwa dola 700, mbele hujauza hata nyanya moja. Sasa tuseme mama yuko na mutaji wa dola 80, wote ukiwa juu ya meza. Anaombwa karibu mara 9 ya kile alicho nacho duniani. Akiuza vizuri, tuseme anabakiza faida ya dola 3 kwa siku. Akifanya siku 26, ni dola 78. Kodi peke yake ni 100. Yaani mama anaweza kutumika mwezi mzima, asile, asilishe watoto, na bado atakuwa na deni la dola 22.

Tena yeye anauza ku franka, wao wanaomba dola. Franka ikishuka, kodi yake inapanda na hakuna aliyeipandisha.

Njo pale tunaona nani atabaki inje. Hakuna haja ya kumuita polisi ili amufukuze mama. Garanti inatosha. Mlango uko wazi, kila mutu ana ruhusa ya kuingia, lakini bei imeandikwa kwa namna ambayo paka watu wa mujini watapita. Lile eneo tupu la zamani linarudi, na mara hii limejengwa kwa dola.

Kuna kingine ambacho mwenye galeri hakijui. Sisi hatununuaki chakula cha mwezi. Tunanunuaka cha leo. Meka moja ya bunga, mafuta ya kukaranga mara moja, sukari ndani ya kiplastiki, makala ya kupika bukari ya jioni. Na siku hakuna kitu, mama anaandika jina lako mu kayé, utalipa mwisho wa juma. Alimentasio yenye frigo haitakuandika mu kayé. Itauza mufuko mzima umefungwa, pesa cash. Kama zile meza zinafutwa siku galeri inafunguliwa, aliye na pesa atafurahi. Aliye na franka 1,000 tu atakuwa na duka zuri mbele ya macho na hana mahali pa kununua.

Tujifunze kwa Zando

Kinshasa wamekwisha kupita njia hii. Soko lao kubwa, Zando, lilikuwa limefikiriwa kwa wauzaji 3,500, na wakati lilipofungwa ilihesabiwa karibu 20,000 wanaouza ndani na pembeni. Lilikuwa chafu, lilikuwa hatari, lilihitaji kujengwa upya, hakuna anayekataa. Likafungwa Januari 2021. Ba mama wakatawanyika: ku barabara, ku masoko mengine yaliyokuwa yamejaa tayari. Mwaka ukapita, na mwingine, na mwingine.

Jengo zuri likimalizika baada ya miaka, yule mama aliyekula mutaji wake mwaka wa kwanza atarudi na nini? Mutaji wa kadogo haungojake. Juma mbili bila kuuza, umekwisha. Kwa hiyo ulizo la "munatupeleka wapi wakati munajenga?" ni kubwa sawasawa na ulizo la "munajenga nini?"

Sheria iko upande wetu

Wandugu, tusiende kuomba kama watu wanaoomba mukate. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 35, inasema kwamba Leta inalinda haki ya kila mutu kuanzisha shughuli yake, tena inatia moyo biashara ndogo ya Wakongomani. Biashara ndogo! Yaani mama wa nyanya yumo ndani ya Katiba. Kifungu cha 34 kinalinda mali: mutu hanyang'anywi mali yake paka kwa faida ya wote, na malipo ya haki yatangulie. Yatangulie, si yafuate.

Kama kiwanja ni cha Leta, na mwenye pesa anajenga ili achukue kodi kwa miaka kadhaa, kuna sheria namba 18/016 ya tarehe 9 Julai 2018 juu ya ushirikiano wa Leta na watu binafsi. Mikataba ya namna hiyo haifanywi ndani ya ofisi ya mutu mmoja na mulango umefungwa.

Na tena, tarehe 20 Desemba 2023, miji mikubwa ya majimbo ilichagua washauri wa komini. Walikuja kwetu na vitambaa na fulana. Wakati umefika wa kwenda kwao na karatasi. Kazi yao ni kuuliza kwa jina letu.

Kile tunachoomba

Kwanza, mkataba uonekane. Kiwanja ni cha nani, nani anajenga, kwa miaka mingapi, na komini itapata nini? Karatasi ibandikwe ku ukuta wa ofisi ya komini, kila mutu asome.

Pili, hesabu ya wauzaji wa leo. Mbele ya jiwe la kwanza, kila mutu anayeuza pale na pembeni aandikwe: jina, meza, anauza nini. Orodha ibandikwe hadharani, na wale njo wa kwanza kupata nafasi. Ikiandikwa gizani, mutaona majina ya ba shemeji na ba mupenzi wa wakubwa, watu ambao hawajawahi kuuza hata kiberiti. Watachukua nafasi 5 kila mmoja na kuzipangisha kwa ba mama kwa bei mara mbili.

Tatu, meza na siyo butiki tu. Sehemu ya chini ya jengo iwe ya meza, na paa, maji, choo na barafu. Bei iandikwe ku franka. Malipo yawe ya siku, kwa tiketi moja. Leo mama analipa huyu asubuhi, huyu saa sita, na mwingine jioni anakuja bila tiketi. Tiketi moja, bei moja, basi.

Ine, mahali pa muda wakati wa ujenzi, karibu na wanunuzi wetu, na tarehe ya kumaliza iliyoandikwa. Tarehe ikipita, mjenzi aeleze mbele ya watu.

Tano, kazi. Wanasema "galeri italeta kazi kwa vijana". Tunafurahi. Kazi ngapi? Za miezi ya ujenzi, au za kubaki? Tunajua ile namna: vijana wanabeba simenti kwa malipo ya siku, jengo likiisha wanaambiwa asante, na ku kesi wanakuja watoto wa wengine. Nafasi zitangazwe ku ONEM na ku ukuta wa komini, mkataba uandikwe, mufanyakazi aandikishwe ku CNSS. Na hata mulinzi wa usiku ni mufanyakazi.

Sita, bidhaa zetu ziingie ndani. Kila siku malori yanatoka Kasumbalesa na bunga, mayai, biskuti. Zambia ikifunga mupaka wa mahindi, sisi ndio tunalala njaa. Wanaofuga kuku pembeni ya mji, wanaolima mboga, wanaooka mikate, wapewe rafu ndani ya ile alimentasio. Vinginevyo pesa ya Katuba itaingia mu kesi asubuhi na jioni itakuwa imekwisha kuvuka mupaka.

Nini tunafanya kuanzia kesho

Kuomba bila kutumika ni maneno ya baa. Kwa hiyo kuna kazi tatu.

Kazi ya kwanza: tunahesabu sisi wenyewe. Hatungoji komini. Vijana wawili kwa kila barabara, kayé moja, tunaandika kila meza. Ili siku wataleta orodha yao, tuko na yetu ya kulinganisha. Mutakaofanya kazi hii, musichukue hata franka mia kwa mutu ili mumuandike. Atakayefanya hivyo amekwisha kuwa yule tunayemupinga.

Kazi ya pili: petisio. Kifungu cha 27 cha Katiba kinampa kila Mukongomani haki ya kuandikia Leta petisio, peke yake au pamoja na wengine, na Leta inapaswa kujibu ndani ya miezi 3. Tutaipeleka kwa burugumesta, kwa meya na kwa washauri wa komini, tutaomba kashe ya kupokelewa, na tutahesabu siku. Wasipojibu, kifungu cha 26 kinatupa haki ya kuandamana, na tutafanya hivyo kwa amani, baada ya kuwajulisha kwa maandishi. Hakuna jiwe, hakuna tairi. Jiwe moja la kijana mmoja linatosha ili watu waache kuzungumza juu ya garanti na waanze kuzungumza juu ya "wavuta bangi".

Kazi ya tatu ni yetu sisi tulio na diplome ndani ya plastiki. Ba mama wanajua likelemba: kila mmoja anatoa, mmoja anapokea. Hapo ushirika umekwisha kuanza, unakosa paka karatasi. Tangu Septemba 2012 inchi yetu iko ndani ya OHADA, na sheria ya OHADA inaruhusu watu 5 tu kuanzisha koperative ndogo. Rudini ku hesabu ile ya kwanza. Zile dola 700 zinamushinda mama mmoja. Ba mama 10 pamoja, ni dola 70 kila mmoja, na kodi ni dola 10 kwa mwezi. Siyo pesa ndogo, lakini siyo ukuta tena. Wewe uliyesoma sheria, andika statuti. Wewe wa hesabu, shika kayé ya kesi na uwafundishe kuishika. Sisi tunalia kila siku kwamba hakuna anayehitaji masomo yetu. Ba mama hawa wanayahitaji, wanakaa metre 50 toka kwetu.

Watasema "hawa vijana wanapinga maendeleo". Muwajibu pole pole. Anayeuliza bei mbele ya kununua hapingi duka. Tena tunamwambia hata yule anayeleta pesa yake kujenga: hii ni faida yako pia. Galeri iliyojengwa juu ya machozi ya mtaa inahitaji walinzi wengi. Galeri ambayo ba mama wa mtaa wako ndani, mtaa wenyewe njo unailinda.

Na neno la mwisho kwa vijana wenzangu. Siku zinakuja ambapo mutu atawaletea fulana na pombe ili mukashangilie jiwe la kwanza. Kesho yake mwingine atawaletea pombe ileile ili mukalivunje. Wote wawili hawatauliza mama yako atauza wapi. Ninyi muulize.

Karatasi za petisio ziko pale ku meza, karibu na mulango. Kayé za kuhesabu ziko pembeni, moja kwa kila barabara. Asiyejua kuandika atasaidiwa, atie kidole. Tunaanza ku barabara ya soko, kesho saa moja asubuhi, mbele ba mama hawajapata wanunuzi wengi.